Buriani, Peter Green

Jumamosi, tarehe 25 Julai 2020, nilikuwa nimefika nyumbani Buruburu mapema, kama sote wa Nairobi tulivyolazimika kufanya siku zile za korona ili kafyu ya saa tatu usiku isitukute barabarani, na nilikuwa nikichambua mchele wa chakula cha jioni niliposoma kwenye simu kwamba Peter Green, mpiga gitaa aliyeunda bendi ya Fleetwood Mac, amefariki dunia usingizini akiwa na umri wa miaka 73. Niliuweka ungo mezani. Mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni mjomba wangu, kisha nikakumbuka kwamba mjomba naye tulimzika Mombasa miaka minne kabla ya hapo.

Mjomba ndiye aliyenijulisha kwa huyu mpiga gitaa wa Kiingereza. Alikuja Nairobi kufanya kazi ya reli, akakaa Makongeni katika zile nyumba za shirika, na kila alipotoka zamu alikuwa na mambo mawili tu: chai ya tangawizi na gitaa. Alikuwa na kanda moja ambayo upande wa kwanza aliurekodi nyimbo za Fundi Konde, mwana wa Pwani mwenzake, na upande wa pili akarekodi bluzi za Waingereza alizozitoa kwenye santuri ya rafiki yake. Majina ya Kiingereza hakujisumbua kuyaandika. Kwenye karatasi ya kanda, palipokuwa na muziki wa Green uitwao “Albatross”, aliandika kwa kalamu ya wino neno moja tu: Bahari.

Sijapata jina linaloufaa zaidi muziki ule. Hauna mwimbaji wala maneno. Mick Fleetwood, mpiga ngoma wa bendi yake, anazipiga ngoma kwa vijiti vyenye vichwa laini, hivyo zinavuma kwa mbali kama mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba usiku, halafu gitaa la Green linaingia taratibu, linatamka sauti chache na kutulia, huku kijana Danny Kirwan akimfuata kwa gitaa la pili. Ulitolewa mwishoni mwa mwaka 1968, na mapema mwaka 1969 ukashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Mimi mtoto wa Nairobi, niliyekuwa nimeiona bahari mara mbili tu maishani, niliijua zaidi kupitia redio kaseti ya mjomba kuliko kupitia macho yangu.

Mjomba alipoanza kunifundisha gitaa, nilikuwa na pupa. Nilikuwa nimelelewa na benga, ambamo gitaa linakimbia bila kupumua na wimbo unapofika kileleni vidole vinashindana na miguu ya wachezaji, nikadhani kwamba ufundi ni wingi wa sauti. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akairudisha kanda nyuma, akainua kidole na kukiacha hewani kila Green aliponyamaza. “Mwanangu, sikia hapo,” aliniambia. “Hapo hapigi kitu, na wewe bado unamsikia.” Nilihitaji miaka mingi kuyaelewa maneno hayo, na hata sasa mikono yangu huyasahau.

Green alizaliwa Bethnal Green, mashariki mwa London, tarehe 29 Oktoba 1946, katika familia ya Kiyahudi, akiitwa Peter Greenbaum. Mwaka 1966 alipewa kazi ambayo ingemwogofya mpiga gitaa yeyote, kwani alichukua nafasi ya Eric Clapton katika bendi ya John Mayall wakati ambapo mashabiki wa London walikuwa wakimtukuza Clapton kupita kiasi. Hakujaribu kumwiga wala kumshinda kwa kasi. Katika kipande kiitwacho “The Supernatural”, kilichotoka mwaka 1967, anaushika uzi mmoja na kuiacha sauti yake ining’inie muda mrefu kiasi kwamba msikilizaji anajikuta amebana pumzi. Mwaka huohuo aliunda bendi yake na kuipa majina ya mpiga ngoma na mpiga besi, Fleetwood Mac, badala ya kuipa jina lake mwenyewe, na kwangu mimi jambo hilo dogo linaeleza tabia yake kuliko sifa zote zilizoandikwa wiki ya kifo chake. Watu wengi hapa mjini wanaufahamu “Black Magic Woman” kama wimbo wa Santana. Ulitungwa na Green, naye aliutoa mwaka 1968, miaka miwili kabla ya Santana.

B.B. King, bingwa wa bluzi kutoka Mississippi, alisema kwamba Green alikuwa na sauti tamu kuliko zote alizowahi kuzisikia, na kwamba ni yeye peke yake aliyemtoa kijasho chembamba. Wapo wanaosema siri ilikuwa gitaa lenyewe, ile Gibson Les Paul ya mwaka 1959 ambayo sumaku moja chini ya nyuzi zake ilikaa kinyume, hivyo sumaku zote mbili zilipofanya kazi pamoja baadhi ya sauti zilifutana na kubakia mlio mwembamba kama wa mtu anayeongea kwa puani. Ni kweli kwamba mlio huo ni wa gitaa hilo. Hata hivyo Green alimuuzia mpiga gitaa mwenzake Gary Moore gitaa hilo kwa bei ya chini, na siku hizi liko mikononi mwa Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica, na ingawa wote wawili ni mafundi wa kuheshimiwa, hakuna hata mmoja aliyenyamaza kama Green.

Kuhusu maradhi yake nitasema machache, kwa sababu nimechoka kuyasikia yakisimuliwa kama hekaya. Aliiacha bendi mwezi Mei 1970, baada ya kuanza kuona kwamba si haki kujilimbikizia fedha wakati watu wengine wanakufa njaa, na baadaye madaktari walisema ana skizofrenia. Alilazwa hospitalini, alipitia matibabu ya umeme, na kwa muda alifanya kazi ya kuchimba makaburi. Wanaosema kwamba mateso ndiyo yaliyompa kipaji wanakosea sana: kazi zake bora alizifanya kabla hajalemewa, na ugonjwa ulimnyang’anya miaka mingi ya muziki. Kilichonifariji ni kwamba katika miaka ya 1990 alirudi jukwaani na kikundi cha Splinter Group, akipiga kwa uangalifu kama mtu anayejifunza upya njia ya kwenda kwao. Tarehe 25 Februari 2020, miezi mitano kamili kabla ya kifo chake, Mick Fleetwood alikusanya wanamuziki ukumbini London Palladium kumuenzi, na Hammett akalipiga gitaa lile la zamani. Nashukuru kwamba aliheshimiwa angali hai.

Jumamosi ile, baada ya chakula, nilitoka barazani na gitaa la mjomba. Barabara ya Mumias South ilikuwa tupu kabisa, bila honi wala makanga, kimya ambacho sijawahi kukisikia Buruburu tangu nizaliwe. Nikaanza kuipiga Bahari polepole, na nilipofika pale mjomba alipokuwa akiinua kidole, nikauacha uzi utulie wenyewe.

“Jirani, mbona umeacha?” aliuliza mama wa ghorofa ya juu kutoka gizani. “Endelea, bwana.”

Nikamwambia kwamba bado sijamaliza.