Mnaoogopa karnivali ya Notting Hill, nisikilizeni

Wabongo wenzangu wa London, kila Agosti ikikaribia naona mnatumiana yale yale, "usiende Notting Hill, fujo tupu", na kuna waliokaa huku miaka na miaka hawajakanyaga hata siku moja. Inaniuma jamani, maana ile karnivali, tamasha la Wakaribi la mitaani kila mwisho wa Agosti, ilianza kama jibu kwa watu waliokuwa wanatupiga.

Mwisho wa Agosti 1958 vijana wa kizungu walizunguka mitaa hiyo hiyo na vyuma na chupa wakiwasaka weusi, wengi Wakaribi, yaani watu wa visiwa vya Karibi kama Trinidad, wakawavunjia madirisha. Sasa kulikuwa na mama wa Trinidad, Claudia Jones, mkomunisti, Marekani walishamfunga na kumfukuza mwaka 1955, London akaanzisha gazeti. Yeye akajibu kwa karnivali! Januari 1959, kwa sababu ya baridi wakafanyia ndani, ukumbi wa St Pancras, BBC wakarusha, na sehemu ya hela za kile kijitabu walichouza zikaenda kusaidia faini za vijana waliokamatwa kwenye zile vurugu, weusi kwa weupe. Yaani unanunua kijitabu unacheza na hapo hapo umemchangia mtu wa kortini.

Barabarani ilitoka 1966, Rhaune Laslett aliandaa tamasha la mtaa, Russell Henderson na wenzake wakaanza kutembea huku wanapiga zile pani, ngoma za chuma za Trinidad, watu wakatoka majumbani kuwafuata.

Na hizo pani zenyewe zina kisa. Waingereza walipiga marufuku ngoma Trinidad mwaka 1884, watu wakahamia kwenye mianzi, baadaye mabati, mwisho mapipa ya mafuta. Sogea karibu na lori la wapigaji uchungulie, kitako cha pipa kimegongwa nyundo kikabonyea, humo ndani vimetokeza vinundu vinundu, kila kinundu na sauti yake, na mpigaji haangalii hata mikono.

Jengo la ghorofa la Grenfell, hapo hapo jirani, liliungua 2017 wakafa watu 72, na tangu 2018 saa tisa mchana muziki wote unazimwa sekunde 72. Umati wote ule kimya, halafu spika zinawaka tena.

Kuna wanaotaka karnivali ihamishiwe Hyde Park, ile bustani kubwa, eti kuna nafasi. Mimi nakataa kabisa. Bustanini unakuwa mgeni, mtu anakufungulia geti asubuhi jioni anakutoa, ila hii ni mitaa ambayo 1958 mtu mweusi aliogopa kutoka usiku, leo siku mbili nzima magari yamefukuzwa na wajukuu wa waliokimbizwa wamejaa barabara ya Ladbroke Grove na manyoya yao mgongoni, hilo ndo dai lenyewe, huwezi kulihamisha. Visu vipo, watu wameumia na wengine wamekufa, sibishi, na msongamano unatisha kweli ikifika jioni.

Basi nendeni Jumapili, ndo siku ya familia, fikeni mapema na watoto kabla hakujabanana, na vaeni nguo ambazo hamtalilia zikipakwa rangi.