Hodi kwenye gofu la Jesmond

Bibi aliponiuliza kama nilipiga hodi kabla ya kuingia, nilicheka. Nilikuwa nimesimama kwenye baridi ya Newcastle, simu mkononi, namwonyesha kwa video kuta za mawe zisizo na paa, mlango wala mtu.

"Usicheke, mjukuu wangu," akasema. "Nyumba haikosi mwenyewe."

Nimeishi huku kaskazini mwa Uingereza miaka sita sasa, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Nikitoka shifti ya usiku, kichwa kimejaa usingizi lakini usingizi wenyewe hauji, huwa sipandi basi. Nakatiza Jesmond Dene. Hilo ni bonde lenye miti mikubwa lililo ndani ya mji, na chini yake unapita mto mdogo wa Ouseburn. Watu wengi hudhani jina la Jesmond lina Yesu ndani yake. Asili yake ni mdomo wa huo mto tu, basi.

Kwenye ukingo wa bonde ndipo lilipo gofu la Kanisa la St Mary. Ni kanisa dogo la karne ya 12, la zamani kuliko jengo lolote la ibada lililobaki mjini humu. Kilichosalia ni tao la mawe la mviringo, lile lililokuwa likitenganisha waumini na madhabahu, pamoja na chumba kimoja cha ubavuni na vipande vya ukuta. Nyasi zimefyekwa vizuri hadi ndani. Ukoga umepanda juu ya mawe upande usiopata jua, ukiugusa ni laini na baridi kama mgongo wa chura.

Enzi zake halikuwa kanisa la wanakijiji tu. Mahujaji walikuja kutoka mbali kwa sababu iliaminika Bikira Maria alitokea hapa. Katikati ya Newcastle kuna mtaa unaitwa Pilgrim Street, yaani mtaa wa mahujaji, na inasemekana uliitwa hivyo kwa ajili yao. Kisha katikati ya karne ya 16 wafalme wa Uingereza wakaachana na Roma, makanisa madogo kama haya yakafungwa, mali zake zikachukuliwa. St Mary likawa ghala na zizi. Mahali watu walipopiga magoti, farasi wakala majani.

Halafu akaja tajiri.

William Armstrong alizaliwa mwaka 1810 hapa hapa Newcastle. Alisomea sheria, lakini akili yake ilikuwa kwenye maji: akaunda kreni zinazoendeshwa kwa nguvu za maji, baadaye mizinga, na mizinga ndiyo iliyomtajirisha sawasawa. Miaka ya 1860 yeye na mkewe Margaret waliligeuza bonde hili kuwa bustani yao. Walileta miti na vichaka vya nchi za mbali, wakakata vijia, wakajenga madaraja, wakatengeneza hata maporomoko ya maji. Ndiyo, yale maporomoko ambayo watu hupigia picha za harusi yalitengenezwa na binadamu. Pembeni yake kuna kinu cha zamani cha kusagia nafaka nacho kikaachwa kizeeke pale pale, kwa kuwa kinapendeza macho. Gofu la kanisa nalo likaingia kwenye mali yake, na mwaka 1883 akalikabidhi kwa mji. Mwaka uliofuata mwana wa malkia akaja kufungua bonde zima kwa wananchi.

Jambo hili la kupenda magofu lilinichukua muda kulielewa. Kwetu nyumba ikianguka ni aibu au ni msiba. Matajiri wa huku, kuanzia karne ya 18, walikuwa wakitafuta gofu la kuweka mwisho wa bustani kama sisi tunavyotafuta kabati la vyombo la kuweka sebuleni. Kule Yorkshire, mwaka 1767 William Aislabie alinunua magofu ya monasteri nzima, Fountains Abbey, ili mandhari ya bustani yake yakamilike. Na asiye na gofu? Alijenga. Alilipa mafundi wamjengee ukuta uliokwisha kubomoka! Nilipomweleza Bibi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hao watu walikuwa na watoto wa kuwasomesha.

Cha ajabu ni kwamba Armstrong naye alijenga ukumbi mkubwa wa karamu bondeni humu, wa kufurahisha wafanyakazi na wageni wake. Leo sehemu kubwa ya ukumbi ule haina paa. Kwa hiyo bustani aliyoipamba kwa magofu imepata jingine, na hili ni la kwake mwenyewe.

Lakini nilichotaka kusimulia hasa ni kisima.

Hatua chache kutoka kwenye kanisa, ukiteremka kijia chembamba, kuna kisima cha St Mary. Ni kidogo, kimejengewa mawe, na juu yake limechongwa neno moja la Kilatini, GRATIA, neema. Mzee mmoja ninayemhudumia, mzaliwa wa huku, ndiye aliyenipa kisa chake huku namchania nywele. Baadaye nikakikuta kisa hicho hicho kwa Henry Bourne, aliyeandika historia ya Newcastle iliyochapishwa mwaka 1736. Anasema kisima kilisemekana kuwa na ngazi nyingi sawa na vifungu vya Kanuni ya Imani. Bwana mmoja, Coulson, akakizungushia ukuta akifanye mahali pa kuogea. Alipomaliza tu, maji yakaondoka. Kijiji kizima kikaanza kunong'ona kwamba mahali patakatifu pamechezewa, sasa ona. Baada ya muda maji yakarudi kwa wingi kama zamani, na Bourne, ambaye alikuwa mtu wa dini, anaonekana kucheka kidogo kwamba muujiza umekwisha.

Mimi sikucheka. Nimekulia Bagamoyo, mwendo wa kilomita tano hivi kutoka magofu ya Kaole. Pale kuna msikiti wa karne ya 13, makaburi ya nguzo, na kisima. Kuna kaburi la Sharifa ambalo watu huliendea na nadhiri zao mpaka leo. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kupiga kelele pale, na mtu akiugua baada ya kukojoa ovyo karibu na makaburi, hakuna aliyeuliza maswali mengi. "Wenyewe wamekasirika." Nilikuja Uingereza nikidhani maneno haya nimeyaacha uwanja wa ndege.

Jumanne iliyopita nilipita tena, kama saa mbili asubuhi, umande bado. Chini ya tao, juu ya jiwe, mtu alikuwa ameweka shada la maua ya njano, bado limefungwa kwenye plastiki ya dukani, kibandiko cha bei kimebanduliwa nusu. Kando yake kulikuwa na kikopo cha mshumaa kilichojaa maji ya mvua. Sikuona mtu. Nikasimama nje ya ule mstari wa mawe ambapo zamani palikuwa mlango, nikajikuta nimesema hodi, kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na mama mmoja anatembeza mbwa. Kisha nikampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umerudi tena huko?"

Nikamshusha kwa simu mpaka kisimani, nikamsomea lile neno, nikamweleza habari za Coulson na maji yaliyosusa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Haya, na maji yenyewe ni matamu?"

Nikamwambia sijui, hapa hakuna anayekunywa.

"Watu wote hao, miaka yote hiyo," akasema, "na wewe umesimama hapo hata hujaonja?"

Nikavua glavu.