Mti ule ule, asubuhi kumi na moja

Miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa napiga picha za mandhari kama mtu wa sensa, yaani mlima upo, mto upo, mawingu yapo, jua linazama, vyote nimevibana kwenye fremu moja na lenzi pana ya milimita 18, halafu nikifungua kwenye kompyuta naona kila kitu kipo ila picha hamna. Watu wanasema "kali hiyo" wanapita. Hata mimi mwenyewe nikiitazama sikumbuki nilijisikiaje pale.

Kilichonigeuza ni stori ya Ansel Adams, yule Mmarekani wa picha nyeusi na nyeupe. Aprili 1927 alipanda kule Yosemite, hifadhi ya milima ya California, na kamera ya zamani inayonasa picha kwenye vipande vya kioo, kioo kimoja picha moja, akabakiwa na vioo viwili tu vya kupigia jabali la Half Dome. Cha kwanza akapiga na filta ya njano, yaani kioo cha rangi kinachokaa mbele ya lenzi, halafu akashtuka kwamba itatoka picha ya kawaida tu, ule uzito aliousikia haumo. Kioo cha mwisho akaweka filta nyekundu iliyokoza, na nyekundu inazuia mwanga wa bluu, kwa hiyo anga likatoka karibu jeusi na mwamba ukasimama kama unamjia mtu. Anga halikuwa hivyo machoni kwake! Hapo ndo nikaelewa, jamaa hakuwa anarekodi.

Basi nikachagua mti mmoja umesimama peke yake uwanjani, nikajiwekea sharti kwamba sitoi kamera kwenye begi mpaka nijue nasikia nini, kwa neno moja. La kwangu lilikuwa "mpweke". Ukishakuwa na neno kazi inageuka, maana sasa unauliza kila kilichomo kwenye fremu, wewe unanisaidia au unapiga kelele? Nyaya za umeme, toka. Vichaka vya nyuma, toka. Lenzi pana nikaiacha nyumbani, nikachukua ya milimita 135, ile inayovuta na kuona eneo dogo tu, nikasogea mbali, na ukungu ukaniondolea yaliyobaki. Ukungu wenyewe sasa, mara nyingi unakuja baada ya usiku usio na mawingu wala upepo, kwa hiyo nikawa mtu wa kuchungulia nyota kabla ya kulala. Asubuhi nyingi nilirudi mikono mitupu. Moja ilinikera kuliko zote, ukungu ulikuja mzuri ajabu ila umande ulitua kwenye kioo cha lenzi na mimi sikuuona, picha arobaini zote zikatoka kama nimepigia ndani ya maziwa, tangu siku hiyo kitambaa kinakaa mfukoni.

Asubuhi ya kumi na moja, stendi imekaa vizuri, taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisitikise kamera. Sasa kamera haijui kama ukungu ni mweupe, yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, ndo maana kila mtu atakwambia ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili. Nikaongeza. Ikatoka safi, nyeupe, nzuri kabisa, kama kadi ya pole! Nikaikodolea macho kwenye skrini ya nyuma ya kamera nikajiambia hii siyo, hii ni filta ya njano. Nikashusha mwanga mpaka chini ya ule kamera iliotaka, ukungu ukawa mzito kama blanketi lililolowa, na mti nikausukuma kona ya chini kulia, mdogo, sehemu yote iliyobaki haina kitu. Nikabonyeza mara tatu tu.

Nyumbani nilitoa rangi nikakoleza weusi wa shina, basi. Najua kuna wanaosema kuediti ni kudanganya, mi naona kukoleza ni sawa na mwimbaji kupandisha sauti, ila kubandika mwezi ambao haukuwepo hapana, hilo silifanyi.

Nikaiprinti nikaiweka ukutani, sikuandika jina wala maelezo. Rafiki yangu ambaye hana habari kabisa na mambo ya kamera akaja, akasimama mbele yake muda, nikajua ataniuliza ni wapi maana ndo swali la wote. Akageuka akaniambia, "Kwani huu mti wenzake wameususa?"

Nilicheka mpaka akanikasirikia.