Ukuta wa Easton haunitoki kichwani

Jamani toka nitoke Suffolk, kule Uingereza, nawaza tu ule ukuta wa pale kijiji cha Easton. Matofali ya kuchoma, mekundu, zamani ulizunguka eneo la jumba la mabwana wakubwa, jumba lenyewe lilishabomolewa miaka ya 1920 lakini ukuta bado upo, unapita kijijini unajikunja kushoto kulia kushoto kulia kama nyoka, na unatajwa kuwa mrefu kuliko kuta zote za aina hii.

Ile mikunjo si urembo wa matajiri, ni hesabu ya fundi. Ukuta ulionyooka ukiujenga unene wa tofali moja, ukija upepo wa maana unalala chini, kwa hiyo inabidi uongeze unene au usimamishe nguzo za kuuegemeza. Huu ni tofali moja tu na nguzo hauna, mikunjo ndiyo inaushikilia, na japo njia inarefuka, matofali yanayotumika ni machache! Na kule serikali ilitoza kodi ya matofali kuanzia 1784 mpaka 1850, ilianzishwa kulipia gharama za vita vya Marekani, sasa hapo kuokoa tofali si jambo dogo.

Halafu upande unaotazama kusini ile mikunjo inakinga upepo na kutunza joto la jua, ndio maana walipanda humo mapichi na tini. Kuna majumba mengine waliacha njia za moshi ndani kwa ndani ya ukuta, wanawasha moto kwa nyuma ili baridi ya usiku isiue maua ya matunda. Namfikiria yule kijana wa bustani wa kuamka usiku kuchochea, sidhani kama hata pichi moja alionja.

Kinachoniuma ni sementi. Kuta hizi zimejengwa kwa chokaa, kama majumba yetu ya zamani kule Lamu, na chokaa ni laini, inaacha unyevu utoke. Anakuja mtu anaziba nyufa kwa sementi, maji yanakosa pa kutokea yanabaki kwenye tofali, baridi ikipiga yanaganda na tofali linabanduka uso, mwisho tofali limeliwa lote na sementi imebaki imetokeza. Nimeona ukuta mmoja wa bustani uko hivyo nikaumia kweli, maana aliyefanya alijua anautengeneza. Wenye nyumba za zamani huko Lamu, Bagamoyo, Unguja, nawaomba sana, tafuteni kwanza fundi anayeijua chokaa.