Kidoti cha buluu Mkunazini

Juzi nilikuwa natembeza wageni wawili, mtu na mkewe, hapa Zanzibar mjini, tunatoka Darajani kwenda Mkunazini. Mume hainui macho. Anafuata kidoti cha buluu kwenye ramani ya simu, na kidoti chenyewe kinarukaruka: mara kiko juu ya paa la watu, mara kimehamia mtaa wa pili. Vichochoro vyetu vya Mji Mkongwe ni vyembamba na kuta zake ndefu, mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kabla hayajafika simuni. Nikamwambia, "Bwana, hebu iweke mfukoni kidogo."

Tukasimama mbele ya mlango wa zamani. Nikamwonyesha njumu za shaba, ile misumari ya pambo, mfaa, yaani mti wa katikati ya mlango, uliochongwa maua, na nakshi ya mnyororo pembeni. Akapitisha kidole taratibu, hata vumbi likamganda. Barazani bibi mmoja alikuwa anamenya kitunguu thomu. Nikamwamkia, "Shikamoo bi mkubwa," mgeni naye akajaribu. Bibi akacheka, "Marahaba mwanangu," akatuonyesha njia kwa kisu chake.

Simu siichukii. Wageni hawa walinipata kwa WhatsApp, na jioni pale Forodhani mke alimpigia mama yake kwa video alione jua linavyozama. Nilifurahi nao. Linaloniuma ni kupiga watu picha bila kuomba: mtoto anaogeshwa uani, simu imeshainuliwa. Siku hizi nalisema mapema, kabla hatujaondoka Darajani. Bibi wa barazani aliombwa. Akajitanda kanga yake vizuri, akaweka kisu chini, ndipo akakubali.