Serikali ya Uganda iliyozaliwa Moshi, Machi 1979

Watu wengi wa Moshi ninaoongea nao wanaijua Vita ya Kagera, wanamjua nduli Idi Amin, na ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, 1978 wanayo kichwani, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ila ukiwaambia kwamba serikali iliyomrithi Amin iliundwa hapahapa mjini kwetu, kwenye mkutano wa siku tatu, Machi 24 mpaka 26, 1979, wanabaki wanakuangalia, hata waliosoma historia mpaka form six. Mi inaniuma kwa kweli, maana naamini ukitaka kujua kwanini damu haikuacha kumwagika Uganda hata baada ya Amin kukimbia, inabidi uanzie Moshi.

Turudi nyuma kidogo. Januari 25, 1971 Amin anampindua rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Obote anakuja Dar, Nyerere anampokea na kumtambua Amin anakataa katakata. Septemba 1972 watu wa Obote wanajaribu kurudi kwa nguvu wakitokea Tanzania, na hapo ndo uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, unapoingia kwenye hii habari, kuna DC-9 ya East African Airways ilichukuliwa Dar ije kubeba wapiganaji hapa iwapeleke Entebbe, ikatua vibaya matairi yakapasuka, mpango ukafia uwanjani, na wale waliovuka mpaka kwa barabara wakachapwa. Mwaka huohuo Amin akawafukuza Waasia, akawapa siku 90. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha ikavunjika, alafu mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin likaingia Kagera, likabomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba mpaka wa nchi sasa ni mto Kagera.

Mapigano yenyewe yameshasimuliwa sana, nasema moja tu. Baba yangu mdogo alienda kama mgambo, na ukimuuliza habari za vita hasemi za Kampala, anasema za Lukaya. Pale barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita kwenye kinamasi, mafunjo kulia mafunjo kushoto, ukitoka barabarani unazama mpaka kiunoni, na mbele kuna Walibya aliowaleta Gaddafi kumsaidia Amin. Hiyo ilikuwa Machi 10 na 11, 1979. Anasema walipotoka pale wananchi waliwatolea matoke na kuwaita bakombozi.

Sasa angalia tarehe. Wiki mbili tu baada ya Lukaya, wakati JWTZ na wapiganaji wa Kiganda wanakaribia Kampala, Waganda waliokuwa uhamishoni wanaitwa Moshi wakubaliane nani atashika nchi. Walikuja wasomi, wanasheria, wanasiasa wa zamani, wakuu wa vikundi vyenye silaha, na wengi wao hawaaminiani hata kidogo. Nyerere alishamshawishi Obote asije, maana Waganda wa Buganda walikuwa hawajamsamehe tangu jeshi livamie kasri la Kabaka mwaka 1966, na kumleta pale kungevunja mkutano kabla haujaanza. Lakini watu wake walikuwepo, Paulo Muwanga alikuwepo, na kule vitani Kikosi Maalum chini ya Tito Okello na Oyite Ojok kilikuwa kinamtii Obote. Museveni naye alikuwa na kikundi chake cha wapiganaji, FRONASA. Upande wa pili kuna kina Dani Nabudere, Yash Tandon na Edward Rugumayo, huyu alikuwa waziri wa elimu wa Amin mpaka akamkimbia mwaka 1973, watu wa hoja nzito ila hawana hata kikosi kimoja.

Kikaundwa chama cha mwavuli, UNLF, na mwenyekiti akawa Yusuf Lule, mzee aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere. Alikubalika kwa sababu hakuwa tishio kwa yeyote, yaani hana jeshi. Muwanga akapewa tume ya kijeshi, na kukawa na baraza la ushauri, NCC, chini ya Rugumayo, ambalo rais alitakiwa kulisikiliza. Mi naona hapo ndo mambo yote yalipofungwa. Cheo alipewa mtu mmoja, bunduki zikabaki kwa wengine.

Kampala ikatekwa Aprili 11, Lule akaapishwa Aprili 13, na Juni 20 akaondolewa, siku 68 tu. Ugomvi ulikuwa ni yale makubaliano ya Moshi, Lule alibadilisha mawaziri bila kupitia NCC, akiona ana madaraka kamili ya rais kama yalivyo kwenye katiba ya nchi, na NCC ikasema hapana, Moshi tulikubaliana vingine. Akaja Godfrey Binaisa, Mei 1980 naye akatolewa na ileile tume ya kijeshi, safari hii mwenyekiti Muwanga na makamu wake Museveni. Desemba 1980 uchaguzi, Muwanga akajipa mwenyewe mamlaka ya kutangaza matokeo, Obote akarudi ikulu. Februari 6, 1981 Museveni akashambulia kambi ya Kabamba, vita ya Luwero ikaanza, watu wakafa kwa maelfu. Na huyohuyo Lule wa Moshi ndo akawa mwenyekiti wa kwanza wa NRM, harakati za Museveni, akiwa nje ya nchi, akafariki Januari 1985 kabla hajaona wanaingia Kampala Januari 26, 1986. Kina Okello nao walishampindua Obote Julai 1985.

Huku kwetu deni tukalilipa sisi. Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, lakini hali ngumu ikaenda mpaka katikati ya miaka ya 80. Mama ananiambia walikuwa wanafulia majani ya mpapai, sukari ni foleni duka la kaya, na kwa kuwa mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 sabuni na mafuta ya Kimbo vilipita kwa magendo Rombo usiku, ukikamatwa umekwisha. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, haukutusaidia lolote, na kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979 Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakatulaumu kwamba tumeingilia nchi ya watu.

Mi siko upande wa hao. Amin alituvamia, na kusimama mtoni Kagera ukamwacha ajipange upya ilikuwa ni kuwaacha watu wa Missenyi wasubiri kuvamiwa tena. Lakini kuingia ni jambo moja, kuwatengenezea watu serikali kwa siku tatu huku majeshi yapo njiani ni jambo lingine kabisa, na hapo naona Mwalimu alichelewa. Alikaa na hao wakimbizi miaka nane, mkutano kama wa Moshi ungeweza kufanyika mapema, watu wakagombana na kupatana wakati hakuna kiti cha kugombania.

Mpaka leo sijaona hapa mjini kibao kinachosema jambo hili lilifanyika Moshi. Na waliokuwepo wanazidi kutuacha, sio wajumbe tu, kuna waliopika, waliolinda mlangoni, waliowabeba wageni kwenye magari ya serikali. Kama babu au bibi yako alikuwa polisi, dereva au mhudumu hapa Moshi mwaka 1979, muulize wiki hii, rekodi kwa simu, alafu nitumie inbox nianze kukusanya.