Uyoga uliokuwa unakula yuniti

Jana saa nane usiku kigari kimesogea. Sentimita nne hivi, kikasimama. Aliyekiamrisha ni uyoga, na safari hii nina ushahidi.

Kwa aliyechelewa: wazo nililitoa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambako mwaka 2024 waliunganisha nyuzi za uyoga na roboti mbili, moja ya magurudumu na nyingine yenye miguu laini, mapigo ya umeme ya uyoga yakaziendesha. Yangu ni ya Moshi: mfuko wa uyoga mamama kwenye maganda ya maharage, gari la mtoto la mtumba kutoka Memorial, Arduino (kompyuta ndogo inayowasha mota) na ADS1115 (chipu ya kupima umeme mdogo). Jinsi ya kuunganisha sielezi, mnajua.

Mwanzoni nilipata mawimbi ya umeme mazuri mno, moja kila dakika mbili na ushee. Mtafiti Andrew Adamatzky wa Bristol, Uingereza, na uyoga wake wa jamii hiyohiyo waliandika mwaka 2018 kwamba unapiga kila dakika 2.6, na mapigo mengine kila dakika 14. Nikaona nimefika. Nilipiga simu mpaka kwa watu ambao hawakuuliza.

Kisha umeme ukakatika. Laptopu ikaendelea kurekodi kwa betri, na mstari kwenye grafu ukalala chali. Umeme uliporudi, uyoga ukaamka. Nilikaa pale na mshumaa wangu nikijisikia mjinga. Nikatoa sindano za kupimia kwenye uyoga nikazichoma kwenye sponji ya vyombo iliyolowa maji ya chumvi. Sponji nayo ikaongea! Tena kwa ufasaha kuliko uyoga.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nasoma mara moja kwa sekunde. Umeme wa ukutani unapiga mara 50 kwa sekunde, lakini si 50 kamili, unayumba kidogo. Ukiuchungulia mara moja moja unaona kivuli chake kikipanda na kushuka taratibu, kama rimu ya gari kwenye video inavyoonekana kurudi nyuma. Wiki tatu nzima nilikuwa napima chaja ya laptopu.

Dawa yake imenitoa jasho. Chaja nje, sasa kila kitu kinatumia betri nilizochomoa kwenye laptopu iliyokufa, na data inaenda kwenye memori kadi. Nasoma mara 250 kwa sekunde, natunza wastani tu. Mfuko umeingia kwenye debe la biskuti lililofungwa kwenye graundi. Nilijaribu karatasi ya foili kwanza. Msihangaike nayo, inachanika ukigusa tu.

Bado mstari ulikuwa unateleza kama mlevi. Hizo ni sindano za chuma, na sizitaki tena kuziona. Fundi sonara aliniuzia kipande cha waya wa fedha, nikauloweka kwenye Jik hadi ukageuka kijivu cheusi. Mstari ukatulia usiku uleule. Mama mwenye nyumba aliona vikombe vyangu vya Jik kando ya uyoga akaniuliza, "Baba, hivi huo unaliwa kweli?" Nikamwambia, mama, huu hapana.

Ushahidi sasa. Jana debe moja lilikuwa na uyoga, la pili sponji, vyote kwenye ADS1115 moja, jozi mbili tofauti za waya. Sponji ilinyamaza hadi asubuhi. Uyoga ulipiga mara sita, chini ya milivolti moja kila pigo, na pigo la nne ndilo lililovuka kiwango nilichoweka mota iwake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuumulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia, kwa sababu Cornell walitumia mwanga wa aina hiyo kubadilisha mapigo. Tochi ninayo. Ila leo asubuhi nimepita kwenye uzio wa jirani nikakuta kifauwongo kimetambaa kote. Ukikigusa kinafumba papo hapo, na kinachokiamrisha kufumba ni ishara ya umeme wake chenyewe. Kwa nini nikeshe nikisubiri uyoga dakika kumi na nne?

Nimeshakichimba. Kipo kwenye kopo la rangi, kimenifumbia majani yote, na waya wa fedha umebaki sentimita tatu.